Ukuaji wa Dar es Salaam Upimwe Vipi?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nataka kutafiti ukuaji wa haraka wa Dar es Salaam na uchumi wake. Nianzie wapi?

Jibu: Anza na takwimu za sensa, ndugu yangu, lakini usiridhike na mkoa mmoja, kwani mkoa wa Dar es Salaam, uliokuwa na watu milioni 4.36 mwaka 2012, ulifikia milioni 5.38 mwaka 2022, kasi iliyo chini ya ile ya taifa zima, na mwenye kuitazama peke yake atadhani mji umepoa, ilhali jirani yake, mkoa wa Pwani, ulitoka milioni 1.1 ukakaribia kutimia maradufu. Mji haukusita, bali umevuka mpaka wake kuelekea Kibaha na Mkuranga, ambako mwenye mapato haba bado hupata kiwanja.

Kisha nenda huko kwa miguu. Utaona nyumba ambayo nyuma haijaezekwa, na fremu zake za mbele zimekwisha kupangishwa kwa fundi cherehani na muuza mkaa, maana kodi ya fremu ndiyo inunuayo bati. Muulize mwenye nyumba, kwa adabu, alikotoka, nauli yake hadi Kariakoo, na anakopata maji. Majibu hayo, kwa maoni yangu, ndiyo roho ya utafiti wako.