MAPUMZIKO YA MLEZI NI SEHEMU YA TIBA

Kazi ya figo
Figo huchuja damu, huondoa yurea, na hulinda kiasi cha maji na chumvi mwilini. Figo za mtoto zaweza kudhurika kwa malaria kali, kuharisha kunakokausha mwili, au kasoro ya kuzaliwa katika njia ya mkojo. Madhara mengine hupona. Mengine hudumu, na hapo damu haina budi kusafishwa kwa njia nyingine.

Utando unaochuja
Tumbo limezungukwa kwa ndani na utando mwembamba wenye mishipa mingi ya damu. Mwaka 1976, huko Austin, Marekani, mhandisi Robert Popovich na daktari Jack Moncrief walieleza namna ya kuutumia utando huo usiku na mchana bila mashine. Maji safi yenye chumvi na glukosi huingizwa tumboni kwa mpira. Yurea iliyo nyingi katika damu husambaa kuelekea katika maji hayo, na glukosi huvuta maji yaliyozidi kwa osmosisi. Baada ya saa kadhaa maji hayo hutolewa, na mengine huingizwa. Mzazi aliyefundishwa aweza kuifanya kazi hii nyumbani, kwa kawaida mara 4 kwa siku.

Mzigo wa mlezi
Mara 4 kwa siku 365 ni mara 1,460 kwa mwaka. Kila mara mpira unapofunguliwa, vijidudu vyaweza kuingia tumboni na kuleta ugonjwa wa hatari. Mlezi aliyechoka husahau hatua: hanawi mikono vema, au hushika asipopaswa kushika. Kwa hiyo kumpumzisha si anasa, bali ni kinga ya mtoto.

Hali ya Tarime na Serengeti
Nchini Tanzania, wenye maradhi ya kudumu ya figo husafishwa damu zaidi kwa mashine, katika hospitali kubwa, mara 2 au 3 kwa juma. Kwa mtoto wa Tarime au Mugumu, hospitali ya kanda ni Bugando, Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 200. Mlezi huacha shamba, mifugo na watoto wengine.

Katika maboma ya Wakurya na majirani zao, bibi, shangazi na dada hushiriki kulea. Desturi hiyo ni hazina, lakini yahitaji elimu. Anayempokea mlezi zamu sharti ajue kipimo cha maji na chumvi alichowekewa mtoto, na dalili za hatari: homa, kuvimba uso, maumivu ya tumbo, au maji yatokayo tumboni yakiwa na ukungu. Yafaa basi walezi wawili wafundishwe tangu mwanzo, wala si mmoja.

Maswali
1. Kila badiliko huhitaji mililita 30 za maji kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 20 atahitaji kiasi gani kwa siku?
2. Eleza kwa nini yurea hutoka katika damu na kuingia katika maji yaliyomo tumboni.
3. Taja kazi tatu ambazo jamaa aweza kumpunguzia mlezi kijijini kwenu.