Kifuko cha Taya: Usikubali Kilichotolewa Kitupwe Bila Kupimwa

Kifuko cha taya ni uvimbe wenye uwazi ndani ya mfupa, uliojaa majimaji au kitu kizito mithili ya uji. Aina inayopatikana zaidi huanzia kwenye mzizi wa jino lililokufa kwa kuoza au kwa kugongwa. Nyingine huzunguka kichwa cha jino lisilochomoza, hasa gego la mwisho. Kifuko huweza kukua kwa muda mrefu bila maumivu, na mara nyingi hugunduliwa katika picha ya eksirei iliyopigwa kwa sababu nyingine.

Yanayokutwa ndani

Mabaki ya namna tatu yanafaa kufahamika.

1. Chembe za kolesteroli. Hizi huyafanya majimaji yametamete mwangani. Hutokana na seli zilizovunjika mahali palepale, wala si dalili kwamba mgonjwa amekula mafuta mengi.

2. Vipande vidogo vinavyong'aa, vingine vilivyopinda kama pini ya nywele. Huonekana kwa hadubini tu. Martin Rushton wa Uingereza alivieleza mwaka 1955. Havina madhara, humsaidia mtaalamu kutambua kuwa kifuko kimetokana na tishu za jino.

3. Keratini, yaani kitu kilekile kinachojenga kucha na nywele. Ikijaa ndani ya kifuko chenye ukuta wa namna maalumu, huashiria keratosisti, ambayo ina tabia ya kurudi hata baada ya kuondolewa. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliiweka miongoni mwa tyuma. Mwaka 2017 likairudisha katika kundi la vifuko.

Kwa nini kipimo ni cha lazima

Eksirei huonesha ukubwa na mahali pa uvimbe, lakini haithibitishi aina yake. Ameloblastoma, tyuma inayokula mfupa wa taya na kuhitaji upasuaji mkubwa zaidi, huweza kufanana kabisa na kifuko cha kawaida. Maabara ya patholojia ndiyo inayoweza kuzitenganisha. Tishu ikitupwa, ushahidi umepotea, na mgonjwa huweza kurejea baadaye taya likiwa limeharibika zaidi.

Mambo ya kuzingatia

- Kabla ya upasuaji, uliza iwapo tishu itapelekwa maabara, na kama gharama ya kipimo imo katika bei uliyotajiwa.
- Hakikisha sampuli imewekwa katika chombo chenye fomalini, kikiwa na jina lako na tarehe.
- Ukitozwa fedha za kipimo, dai stakabadhi pamoja na nakala ya majibu. Kuambiwa kwa mdomo kwamba "hakuna tatizo" hakutoshi.
- Tunza majibu na picha zako. Keratosisti huweza kurudi baada ya miaka kadhaa. Daktari atakayekuona wakati huo atahitaji kumbukumbu hizo.
- Majibu yakikutatiza, omba ufafanuzi kwa lugha unayoielewa.