UKINGO WA MTO NI HAKI YA NANI?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu yetu mmoja, mtu wa pwani aliyehamia Gitothua katika mji wa Ruiru kwa ajili ya kazi, ametuletea suala. Asema kwamba yeye na wenziwe wamechangishana fedha wakanunua kiwanja kando ya mto, wapate kujenga chuo cha watoto. Aliyewauzia amewaambia wavute ukuta mpaka majini. Lakini baina ya kiwanja na mto pana kinjia wapitacho akina mama waendao kufua, na pana nyasi wachezapo watoto wa majirani, na wengi wa majirani hao si Waislamu. Je, maadamu kinachojengwa ni chuo cha Qurani, yafaa kukifunga kinjia hicho?

Twajibu: haifai. Na sababu zake ni hizi.

Kwanza, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa maji ni katika vitu ambavyo watu wote wana ushirika navyo. Na kisima cha Ruma huko Madina ni ushahidi. Mwenyewe alikuwa akiuza maji yake, na maskini wakitaabika, hata Sayyidna Uthman (R.A.) alipokinunua kwa mali yake akakifanya wakfu. Tangu siku hiyo ndoo yake tajiri ikawa sawa na ndoo ya fakiri.

Pili, wanavyuoni wetu wa Kishafii wamesema kuwa mto una harimu yake, yaani ukingo ambao watu wanauhitaji ili kuyafikia maji na kunufaika nayo. Harimu hiyo haimilikiwi na mtu. Imamu Suyuti, aliyefariki mwaka 911 wa Hijria (1505), aliandika risala nzima kuwapinga waliojenga kwenye ukingo wa Nili huko Misri. Na Ibn Hajar katika Tuhfa, kitabu mashuhuri katika darsa zetu, amekataza jengo la namna hiyo hata likiwa msikiti. Basi ikiwa msikiti haukupewa ruhusa, chuo kitaipata wapi?

Tatu, sharia ya nchi nayo yaafikiana na hayo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 62, yaihesabu mito kuwa ni katika ardhi ya umma. Na kanuni za maji za mwaka 2007 ziliweka kando ya mto ukanda usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30.

Tena na tuitazame hali ya mji wenyewe. Ruiru ilizungukwa na mashamba ya kahawa. Mwaka 2009 walihesabiwa watu zaidi ya 238,000. Mwaka 2019 wakapita 490,000. Mashamba yamekatwa viwanja, na viwanja vimejaa nyumba za kupanga, aila nzima katika chumba kimoja. Mwenye nacho ana bustani ndani ya ukuta wake. Akitaka zaidi, atapanda gari aende msitu wa Karura, ambao Profesa Wangari Maathai na wenziwe walipigwa mwezi wa Januari 1999 wakiutetea usinyakuliwe; na huko nako mlangoni kuna kiingilio. Asiye nacho hana bustani ila ule ukingo wa mto. Ukifungwa, mtoto wake atacheza barabarani.

Na mafuriko yakija, ni nani aumiaye? Mwaka 2024 mvua za masika ziliua watu zaidi ya 200 nchini Kenya, na waliovunjiwa vibanda kandokando ya mito ya Mathare na Mukuru, jijini Nairobi, walikuwa mafakiri. Mto ukinyimwa nafasi yake huichukua kwa nguvu, na aghlabu huichukua kwa mnyonge.

Huenda mtu akasema: "Fedha za wakfu zitapotea." La. Muuzaji ameuza asichokimiliki, na mauzo ya kipande hicho hayakusihi. Basi na adaiwe thamani yake. Ukuta urudishwe nyuma, kinjia kiachwe wazi, ipandwe miti ya kivuli, na kukipatikana uwezo uwekwe mfereji nje ya chuo, apate kuteka kila apitaye bila kuulizwa dini yake. Hiyo ndiyo daawa ambayo majirani wataisoma hata wasiojua herufi moja ya Kiarabu.

Na sisi tulio pwani tusidhani kuwa jambo hili ni la bara tu. Kila siku twalalamika kuwa njia za kwendea ufuoni zimezibwa na kuta za mahoteli, na kifungu kile kile cha 62 chasema kuwa ardhi iliyo baina ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini tutayasema kwa uso gani, ikiwa ndugu zetu huko Gitothua wamewafanyia wenzao yale yale tunayofanyiwa hapa? Haki haina kabila wala mtaa. Na Mtume (S.A.W.) amemwonya vikali mwenye kudhulumu ardhi, japo ni shibiri moja.

Mwenyezi Mungu atuongoze kwenye uadilifu. Wallahu aalam.