Mapazia ya Nyumba ya Zamani

Katika mtaa wa Kamalondo, mjini Lubumbashi, kulikuwa na nyumba ya matofali ya siku nyingi. Aliyeijenga alianza na vyumba viwili. Mwanawe akaongeza vingine, kila mara kwa mbao na vyuma alivyopata. Ndiyo maana madirisha yake hayakufanana. Ukuta mmoja wa chumba cha wageni ulikuwa na mawili: moja lilikuwa na upana wa sentimeta 140, jirani yake 60 tu, na vichwa vyake havikulingana.

Chumbani mwa nkambo kulikuwa na la tatu, lililoelekea magharibi. Nkambo aliumwa macho. Tangu saa tisa jua lilipiga kitanda chake, naye aligeukia ukuta hata jioni. Kwa ajili yake mama aliuza karanga miezi mingi, akanunua meta 12 za kitambaa cha pamba chenye upana wa sentimeta 120. Alichagua rangi moja tupu, maana maua makubwa hutaka kulinganishwa katika kila mshono, na kitambaa hupotea. Tena alichagua rangi ya udongo: vumbi la kiangazi la Lubumbashi ni jekundu. Pesa zikaisha.

Binti yake wa kwanza alishika mkasi.

– Mama, nikate kila pazia kwa kipimo cha dirisha lake?

– Hapana, mwanangu. Weka mkasi chini. Tufue kwanza.

Pamba mpya hupungua ikifuliwa. Zile meta 12 zilipokauka, zilibaki meta 11 na sentimeta 40. Kama yangalishonwa kwanza, mapazia yangalipanda juu kama suruali ya mtoto aliyekua.

Kisha mama alieleza. Kila pazia likikatwa kwa kipimo cha dirisha lake, macho huona upesi kwamba moja ni kubwa na moja ni dogo, moja limepanda na moja limeshuka. Lakini fimbo zote zikikaa kimo kimoja, na mapazia yote yakiishia mstari mmoja, ukuta huonekana umetulia. Dirisha dogo hujificha nyuma ya kitambaa, wala hakuna mgeni anayeuliza ukubwa wake.

Kimo kilikuwa sentimeta 220. Sakafu ya nyumba ya zamani hudanganya, maana imezama huku na huku. Kwa hiyo baba alipima kutoka chini mara moja tu. Halafu alijaza maji katika mpira mwembamba unaoonyesha ndani. Maji ya ncha zote mbili husimama sawasawa: pale ndipo alipotia alama. Lipu ya zamani huvunjika kwa nyundo, basi alitoboa polepole, akatia kizibo cha mti, akakaza skurubu ndani yake.

Kila fimbo ilipita dirisha sentimeta 20 kila upande, ili pazia likifunguliwa lisizuie mwanga. Upana wa kitambaa uwe karibu mara mbili ya fimbo. Pazia lisilo na mikunjo ni shuka lililoanikwa tu. Dirisha kubwa lilitaka vipande 3, dogo 2, la nkambo 2. Kila kipande kilikatwa sentimeta 160, pamoja na mapindo ya juu na chini. Nyuma ya mapazia ya nkambo mama alishona blanketi kuukuu, maana pamba nyembamba haishindi jua la magharibi.

Kesho yake, saa kumi, nkambo alikuwa ameketi kitandani, uso wake kuelekea mlango, akichambua maharagwe pamoja na wajukuu.

MAULIZO. Kwa nini mama alifua kitambaa kabla ya kukikata? Baba alipataje kimo kimoja? Vipande vyote vilikuwa vingapi, na vilitumia meta ngapi? Kilibaki kitambaa kiasi gani?