Vilima vya Mchanga vya Shela: Ghala Letu la Maji

Siku moja mwalimu wetu wa Jiografia aliuliza maji ya Lamu yanatoka wapi. Nusu ya darasa tukajibu, "Mferejini!" Tulicheka sana, lakini jibu hilo lilinisumbua, ndiyo maana nimeandika somo hili.

Kisiwa chetu hakina mto. Mvua inyeshapo juu ya vilima vya Shela, maji hunyonywa na mchanga (wazee wa Amu husema mtanga) yakazama polepole. Huko chini hukutana na maji ya chumvi yaliyopenya kutoka baharini. Sasa sikilizeni vizuri, kwani hapa ndipo wengi hukosea. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hivyo huelea juu yake, kama mafuta juu ya mchuzi. Visima vyetu huchota tabaka hiyo ya juu. Ukivuta maji kupita kiasi, ya chumvi hupanda. Ukiuchota mchanga wenyewe, umepunguza ghala.

Haya si maneno ya kitabuni tu. Ng'ambo, kisiwani Manda, mji wa Takwa ulihamwa katika karne ya 17, na mojawapo ya sababu zinazotajwa ni visima kuingia chumvi. Watu wake walihamia Shela. Mpaka leo vizazi vyao huvuka kwenda kuomba mvua penye kaburi la mnara kule Takwa.

Tena mchanga huo una historia. Kati ya mwaka wa 1810 na 1814 Waamu waliwashinda Wapate na Wamazrui wa Mombasa katika Vita vya Kuduhu, na mifupa ya waliokufa iliendelea kuonekana mchangani miaka mingi baadaye. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka wa 2001, lakini bila maji ya Shela sijui nani angeishi katika majumba hayo mazuri.

Lakini nisijifanye mtakatifu. Ami yangu ana punda wanne na hubeba mchanga wa kujengea. Sare ninayovaa ilinunuliwa kwa pesa hizo. Nilipomweleza somo hili alinitazama, akasema, "Na watu wajenge kwa nini, mwanangu, kwa unga?" Nilikosa la kusema. Bibi, aliyekuwa akisikiliza, alituchotea maji ya kisima chake, kila mtu kikombe chake, akatuambia tuonje. Yalikuwa na chumvi kidogo. Bibi anasema alipoolewa hapo hayakuwa hivyo.

Ami aliyanywa yote. Kisha akaniuliza ni upande gani wa vilima ambao visima haviko karibu. Jumamosi tutakwenda pamoja kuangalia.