Jumanne: Damu ya Jirani Yako

Soma Mambo ya Walawi 19:16. Mithali 24:11, 12. Na Mathayo 26:51, 52. Mafungu haya yanamwongozaje mtu anayemwona mwenzake akishambuliwa?

Tarehe 12 Januari 2017, katika jimbo la Arizona, Marekani, askari wa barabara kuu alipigwa risasi, kisha akaendelea kupigwa akiwa chini. Dereva aliyekuwa akipita alisimama, akachukua bastola yake, akamwamuru mshambuliaji aache. Alipokataa, alimpiga risasi na kumwua. Askari akapona. Tarehe 21 Juni 2021, mjini Arvada, jimbo la Colorado, raia mwingine alimpiga risasi mtu aliyekuwa amemwua polisi. Polisi aliyefika baadaye alimkuta raia huyo ameshika silaha, akamdhania kuwa ndiye mwuaji, akamwua.

Mungu hakubali udhuru wa anayejifanya hakuona. Hata hivyo, Petro alichomoa upanga kwa ajili ya Bwana mwenyewe, naye akaamriwa aurudishe. Mpwa wa Paulo, aliposikia njama ya kumwua mjomba wake, alipeleka habari kwa jemadari, na Paulo akaokolewa bila kijana huyo kushika silaha (Matendo 23:16–24). Kuokoa ni wajibu. Lakini silaha si njia pekee, wala nia njema haiondoi hatari yake.

Ungekuwa kwenye barabara ile ya Arizona, ungefanya nini? Ni nini kinachotofautisha kumwokoa jirani na kujitwalia upanga?