Gari la umeme lililokuwa la kukodishwa: soma hii kabla hujaweka PIN

Saa tatu usiku, mwalimu mmoja wa Kimilili alitupigia simu. Tumwite Mwalimu tu, maana ndivyo mtaa mzima unavyomwita. Alikuwa ameona tangazo mtandaoni la Nissan Leaf ya mwaka 2013, gari la umeme, bei Sh900,000, liko Nairobi. Muuzaji alikuwa amemweleza kwamba lilikuwa la kampuni ya teksi, kampuni inapunguza magari, na yeye ndiye amepewa kazi ya kuyauza. Kilichobaki ni Mwalimu kutuma Sh50,000 za kushika gari usiku huo huo. "Mwalimu, usiniangushe. Kuna mzee wa Eldoret ako na pesa mkononi."

Mwalimu akaingiza nambari, akaandika kiasi, na kabla ya PIN simu ikamwonyesha jina la mpokeaji. Mkewe alikuwa ameketi kando yake. "Baba Nekesa, kwani huyu ndiye nani?" Jina halikuwa la mtu aliyekuwa akiongea naye wiki nzima, wala halikuwa la kampuni yoyote. Ndipo akatupigia.

Swali lake lilikuwa fupi: huyu mtu ni mwizi au si mwizi? Tulimjibu kwamba hatuwezi kujua. Jina tofauti linaweza kuwa la tapeli, na linaweza pia kuwa la shemeji ya dalali ambaye laini yake imejaa. Tunachojua ni kwamba pesa ikishaingia kwenye laini ya mtu na akaitoa kwa ajenti, hatuna pa kuivuta. Basi somo hili limetoka kwa simu hiyo, na tumelirefusha kwa sababu gari la umeme lililotoka kwa kampuni ya kukodisha au ya teksi lina mambo ambayo Probox ya kawaida haina.

Kwa nini linauzwa?

Watu wengi wakisikia kampuni inauza magari mengi kwa pamoja wanaamua hapo hapo kwamba ni mabovu. Si lazima. Hertz, kampuni kubwa ya kukodisha magari kule Marekani, ilitangaza Januari 2024 kwamba itauza magari 20,000 ya umeme, na miezi michache baadaye ikafikisha hesabu hiyo 30,000. Iliyowauma zaidi ni gharama ya kutengeneza magari yakigongwa, na bei yake kushuka haraka sokoni. (Kama una ndugu huko anayekuahidi moja la bei ya kutupa, mwambie asante lakini hapana. Usukani uko kushoto, na Kenya hairuhusu gari la kawaida la namna hiyo kuingizwa.)

Hapa kwetu, wengi wanakumbuka NopeaRide, teksi za umeme zilizoanza Nairobi mwaka 2018 chini ya EkoRent ya Finland. Walitumia Nissan Leaf. Mwisho wa 2022 walifunga kazi baada ya kampuni mama kukosa pesa za kuendelea. Kwa hivyo gari linaweza kuuzwa kwa sababu mtaji umeisha, si kwa sababu limechoka.

Lakini pia muuzaji akikwambia "hili lilikuwa la teksi fulani", anaweza kuwa anasema kweli, au ameokota jina kwenye habari. Jina la kampuni kwenye tangazo si karatasi. Na akikwambia kwamba Leaf ya 2013 "iko kwenye meli, inafika Mombasa wiki ijayo", hapo usipoteze hata bando zako. Kenya haipokei gari la mtumba lililozidi miaka 8.

Maswali ya maana ni mawili: betri imebaki kiasi gani, na nani ana mamlaka ya kuuza. Kila shilingi unayotuma ingoje jibu la mojawapo.

Betri ndiyo bei

Leaf za mwanzo zilikuja na betri ya kilowati-saa 24. Neno lisikutishe, kilowati-saa ndiyo ile yuniti unayoiona kwenye ujumbe ukinunua tokeni. Baadaye zikaja za yuniti 30, na toleo jipya la kuanzia mwisho wa 2017 likaja na 40. Ile ya 24 ikiwa mpya kabisa, vipimo vya Marekani viliipa kati ya kilomita 120 na 135 kwa chaji moja. Hiyo ni ikiwa mpya.

Betri ya Leaf haina mfumo wa maji wa kuipoza. Ikipata joto, inapoa yenyewe polepole. Mwenye gari wa kawaida anachaji nyumbani usiku na hilo halimsumbui sana. Teksi ni hadithi nyingine: inachajiwa haraka haraka mchana, inarudi barabarani, inachajiwa tena, na joto linazidi kula betri mwaka baada ya mwaka. Hapa ndipo gari la kampuni linapotofautiana na la mtu binafsi, hata kama rangi inang'aa na viti ni safi.

Habari njema ni kwamba gari lenyewe linakuambia. Upande wa kulia wa dashibodi kuna vijiti vidogo 12, kama vile vya mtandao kwenye simu yako. Usivichanganye na vile vinavyoonyesha chaji ya leo. Vidogo vya pembeni kabisa vinaonyesha afya ya betri. Kijiti cha kwanza kinapotea betri ikiwa imepoteza kama asilimia 15, na kila kinachofuata ni kama asilimia 6 zaidi. Tulimwambia Mwalimu amwombe muuzaji picha ya dashibodi ikiwa imewaka, kilomita zionekane. Ilichukua siku mbili kufika. Vijiti vilikuwa 8.

Hebu fanya hesabu naye. Vijiti 8 maana yake betri imepoteza kama theluthi moja. Kilomita 135 za gari jipya sasa ni kama 90, na hiyo ni kwa dereva mpole kwenye barabara tambarare. Kutoka Kimilili hadi Kitale ni kilomita arobaini na kitu. Kwenda utafika vizuri. Kurudi, unaweza kulala Kiminini. Na ukiwa na shamba upande wa Kapsokwony, mlima unakula betri mbio sana, ingawa ukiteremka gari linarudisha kidogo kila ukiachilia mguu.

Kuna ujanja mmoja wa kuangalia. Vijiti vinaweza kudanganywa: mtu mwenye kifaa cha kompyuta anafuta kumbukumbu ya betri, vyote 12 vinarudi, kisha baada ya muda vinaanza kupotea tena ukiwa ushalipa. Kwa hivyo usiamini picha peke yake. Tafuta fundi mwenye programu ya LeafSpy na kile kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani. Programu inaonyesha afya ya betri kwa asilimia, na hata hali ya kila seli. Kisha liendesheni hilo gari angalau kilomita 30 mkiangalia chaji inavyoshuka. Kumbukumbu ikifutwa, barabara bado itasema ukweli. Mlipe fundi wako wewe mwenyewe. Fundi anayelipwa na muuzaji anajua nani anamnunulia chakula cha mchana.

Halafu nyumbani. Leaf nyingi za kutoka Japani huchaji kwa takriban kilowati 3 ukutani, kwa hivyo betri ya 24 iliyokauka inataka kama saa nane. Soketi ya kuchajia simu na kupigia nguo pasi si ya kazi hiyo. Mwite fundi wa stima avute waya wake peke yake. Gharama utaijua bila kumuuliza mtu: chukua ujumbe wa tokeni yako ya mwisho, gawanya pesa kwa yuniti, zidisha kwa 24. Tangu Aprili 2023 Kenya Power pia ina bei maalum ya kuchaji magari, Sh16 kwa yuniti kabla ya kodi na ada nyingine, na nusu ya hiyo saa za usiku, lakini inataka mita yake tofauti.

Nani anauza?

Hapa ndipo gari la Mwalimu lilipokwama kabisa. Alipopewa nambari ya usajili aliingia eCitizen, akalipa ada ndogo ya NTSA na kupata rekodi ya gari. Wamiliki walikuwa wawili: kampuni, na benki.

Hilo ni jambo la kawaida sana kwa magari ya kampuni, maana mengi hununuliwa kwa mkopo. Haimaanishi wizi. Inamaanisha kwamba mpaka benki iandike barua ya kuachilia gari na kuondoa jina lake, hakuna dalali, wala hata mkurugenzi, anayeweza kukuuzia likawa lako kweli. Ukilipa, unabaki na funguo na kesi. Kuna pia sajili ya dhamana za mali inayohamishika, iliyoletwa na sheria ya 2017, ambayo unaweza kuipekua kupitia eCitizen hiyo hiyo kuona kama gari limewekwa rehani mahali pengine.

Ukiuziwa na kampuni, omba CR12, ile karatasi inayoonyesha wakurugenzi ni kina nani, pamoja na uamuzi wa bodi wa kuuza gari hilo. Kama kampuni imefilisika na imewekewa msimamizi, wakurugenzi hawana tena mamlaka ya kuuza. Saini unayoitaka ni ya msimamizi. Tunajua inachosha. Lakini muuzaji wa kweli huwa ameshaziandaa karatasi hizi, kwa sababu wewe si wa kwanza kuuliza.

Pesa itoke vipi

Kwenye simu, kikomo ni Sh250,000 kwa muamala mmoja, na laini haishiki zaidi ya Sh500,000. Wateja wengi hulalamikia kikomo hiki, lakini kwa kununua gari kinakusaidia. Sh900,000 inakulazimu kulipa kwa vipande, basi kila kipande kipe kazi yake.

Kabla ya fundi kulipima gari, usitume chochote. Zero. Kama muuzaji anataka uhakika kwamba unakuja, tiketi yako ya matatu ndiyo uhakika. Betri ikikuridhisha na rekodi ya NTSA ikiwa safi, andikianeni makubaliano mbele ya wakili, yakitaja nambari ya chasisi, asilimia ya betri siku hiyo, na malipo yatakavyofuatana. Hapo ndipo unatoa kipande cha kwanza. Kipande kikubwa kinatoka muuzaji akianzisha uhamisho kwenye akaunti yake ya NTSA na wewe ukauona kwenye yako. Bakisha kiasi kinachouma kidogo, cha kutoa gari likishasomeka kwa jina lako.

Lipa jina lile lile lililo kwenye rekodi ya gari. Kama ni kampuni, tumia Paybill ya benki na uweke nambari ya akaunti ya kampuni, au nenda benki ulipe moja kwa moja. Kiasi kikizidi Sh1,000,000 benki itakupitishia RTGS. "Tuma kwa laini ya mhasibu wetu" si jibu. Jina likitokea kwenye skrini na hulijui, fanya kama mke wa Mwalimu: uliza kabla ya PIN, si baada. Ujumbe wa kila muamala uutunze, pia upige picha uihifadhi mahali pengine, maana simu nazo hupotea.

Na mtu akikupigia akijifanya ni sisi, eti malipo ya gari yamekwama na anahitaji PIN yako ayafungue, kata simu. Hatuna kazi ya namna hiyo.

Mwalimu hakuchukua lile la Sh900,000. Yule mzee wa Eldoret kama yupo, hatujui alifikia wapi. Sasa anafuatilia Leaf ya 2016 yenye betri ya yuniti 30 na vijiti 11, bei imepanda, lakini kampuni yenyewe ndiyo inauza na rekodi ina jina moja tu. Fundi analipima Jumamosi. Juzi alitupigia tena, na swali lake safari hii lilikuwa la njia: kutoka Nairobi hadi Kimilili ni kama kilomita 400, na betri ikiisha Timboroa kwenye baridi atafanya nini? Tulimshauri akodi lori la kubebea magari, alipe nusu gari likipakiwa Nairobi, na nusu nyingine likishushwa mlangoni kwake.